Mwanamke Aliyepiga Pasi Kutoka Riyadh Hadi Jeddah

Basi la shule likishateremsha watoto wote hubaki na harufu yake, na harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Ni harufu ya maganda ya machungwa yaliyofichwa chini ya viti, ya mikate ya zaatari iliyoumwa mara moja ikaachwa, ya vumbi laini la Riyadh linalopenya hata pasipo na tundu, na juu ya hayo yote, harufu ya sabuni ya limau ambayo baba yangu aliimwaga sakafuni kwa ukarimu wa mtu ambaye hainunui yeye. Kila alasiri, akisha kuwafikisha watoto wa watu makwao, alirudi na basi tupu hadi uwanja wa nyuma wa shule, nami nilikuwa nikimngoja kivulini mwa ukuta. Nilipanda, yeye akaiacha injini ikinguruma kidogo ili kiyoyozi kisizime, kisha akaanza kufagia kutoka viti vya nyuma akija mbele. Mimi nilikaa kiti cha kwanza, nyuma ya kile chake, nikafungua kitabu. Hicho ndicho kilikuwa chumba changu cha kusomea, na mpaka leo nikisoma kitu kigumu huwa natamani kusikia fagio likikwaruza mahali fulani nyuma yangu.

Tulikuwa wawili tu. Mama alikuwa muuguzi hukohuko Riyadh, na ndiye aliyetutangulia kufika. Alifariki nikiwa na miaka tisa, tukampeleka kumzika nyumbani Mwingi, katika nchi ya Wakamba. Nakumbuka machache ya juma lile la msiba: vumbi jekundu, nyimbo za kwaya ambazo sikuzijua, na mama yake baba, ambaye sisi humwita susu, aliyenishika mkono bila kuuachia hata wakati wa kula. Jina langu ni lake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo mimi ni Mwende kama yeye, na ndiyo sababu baba hajawahi kuniita Mwende hata siku moja. Huniita Mwaitu, yaani mama. Siku ya kuondoka Susu alimtaka baba aniache. "Unamrudisha mtoto kwa mchanga kufanya nini? Nani atamsuka nywele?" Baba akasema hawezi kurudi kule peke yake. Tukarudi. Nywele akawa ananisuka mwenyewe, mistari miwili iliyopinda kama barabara ya mlimani, na wasichana wa darasani kwetu walikuwa na adabu ya kutocheka mbele yangu.

Kafili wa baba, yaani mwajiri aliyemdhamini kuishi nchini, ndiye aliyekuwa mwenye shule. Sote tulimwita bosi, na alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Kwa ihsani yake tulikaa katika vyumba viwili nyuma ya shule, na kwa ihsani yake mimi nilisoma pamoja na mabinti wa madaktari na wahandisi, kwa sharti moja tu lililosemwa kwa upole: nipite kila somo. Upole haukulipunguza sharti lenyewe. Nisipopita, nafasi ingepewa mwingine, na hapakuwa na shule nyingine mjini ambayo mshahara wa dereva ungeweza kuibishia hodi. Ningerudi Mwingi kwa Susu, baba abaki peke yake na basi lake. Mwaka niliotimiza kumi na sita nilikuwa napita masomo yote isipokuwa moja. Fasihi ya Kiingereza ilinishinda, na ilinishinda kwa sababu ya kitabu kimoja.

Riwaya yenyewe iliandikwa zamani, katika nchi ya mvua, na mtu aliyekuwa ameamua kwamba hadithi zimezidi duniani. Mwanzoni mwanamke anawasha moto wa kupashia pasi. Mwishoni pasi bado ni ya moto. Kati ya hapo, alasiri nzima, anapiga pasi mashuka akimngoja kaka yake, ambaye hajafika nyumbani kwa miaka mingi na sasa amesema atakuja. Basi. Hauawi mtu, haolewi mtu. Kilichomo ni mawazo ya yule mwanamke jinsi yanavyompitia: anaona mkunjo wa shuka, mkunjo unamkumbusha ziwa, ziwa linamkumbusha kiatu, kiatu kinamkumbusha neno ambalo kaka yake alimwambia mama yao mezani, halafu anasikia mlango, kumbe ni upepo. Sentensi moja iliweza kuanza ukurasa huu na kumalizikia ukurasa wa tatu. Nilipofika kwenye nukta nilikuwa nimesahau ilikoanzia, kama mtoto aliyetumwa dukani akafika akakodoa macho.

Baba alikuwa na dawa ya ugonjwa huo. Katika shule ya upili aliyosoma alikuwa hodari wa vitabu teule, na hodari yule hakustaafu kamwe. Alikaa ndani ya baba miaka yote akingoja kuitwa. Yeyote aliyesoma Kenya anaujua utaratibu: msuko, wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za lugha, na mwisho kabisa, funzo. "Hakuna kitabu haina funzo," aliniambia akiegemea fagio katikati ya viti. "Hata kama ni kadogo, kako tu. Tafuta." Tulitafuta. Maudhui: kazi za nyumbani. Sifa za mhusika mkuu: ni mwenye bidii, kwani amepiga pasi mashuka mengi, ni mvumilivu, kwani hachoki, ni msafi. Funzo: tuwakaribishe ndugu zetu, kwa maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Alinikaririsha hayo kila alasiri huku akiokota maganda, na kila nilipopatia alipiga makofi mawili na ufagio ukiwa kwapani. Siku ya jaribio niliyamwaga yote kwenye karatasi, kwa mpangilio, na kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kisudani, Ustadha Ilhamu, mrefu na mtaratibu, ambaye kila alipotaka kusema jambo zito kwanza alirudisha begani ncha ya vazi lake. Siku hiyo aliirudisha mara mbili. Tulizungumza Kiingereza, lakini maneno yake nimeyabeba kwa Kiswahili. "Mwende, umeniambia kitabu kinafundisha nini. Mimi sikuuliza hivyo. Niliuliza mwanamke huyu anataka nini. Anataka kaka yake aje, au hataki?" Nilimjibu kwamba anataka, la sivyo asingepiga pasi mashuka. Alinitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko alama yenyewe. "Soma tena, na usimharakishe. Mtihani ni baada ya likizo." Nilikuwa nimeanguka, na ule mtihani wa baada ya likizo ndio ungeamua kama nabaki au naondoka. Nilirudi kwenye basi nikiwa nimekwisha kuelewa jambo moja: mtu aliyekuwa akinifundisha kuanguka ndiye yuleyule niliyekuwa naogopa kutenganishwa naye. Nitamwambiaje? Nikamwambia swali lilikuwa gumu. "Hakuna shida," akasema, "tutaongeza sifa za mhusika."

Likizo ilipofika bosi na familia yake walipanda ndege kwenda Jeddah, akamtaka baba ampelekee gari lake kubwa kwa barabara. Msichana wa miaka kumi na sita haachwi peke yake nyuma ya shule tupu, kwa hiyo baba aliomba ruhusa, na bosi akapunga mkono: mchukue, mchukue. Tuliondoka alfajiri. Gari lile lilikuwa jeupe na tulivu, viti vyake bado vimevalishwa nailoni ya dukani, na baba aliliendesha kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Tulipouacha mji nyuma na jangwa kufunguka pande zote, akasema, "Sasa toa hiyo kitabu. Nisomee kwa Kiswahili. Tutafika Jeddah tukiwa na funzo."

Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, nikifasiri njiani. Sikujua kwamba kazi hiyo ingenibadilisha masikio. Kwa Kiingereza niliweza kuyapita maneno macho yakitazama kwingine; kwa Kiswahili ilinibidi kila wazo niliinue kwa mikono yangu mwenyewe na kumpa baba. Mwanzoni alinichokoza. Kila kituo cha mafuta aliuliza, "Kaka amefika?" Bado, baba. "Mashuka mangapi sasa?" Sijui, baba, hahesabu. "Huyo mama angekuwa kwetu angekuwa ameajiriwa hoteli." Tulikunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, tukapita ngamia waliosimama bila sababu, tukapita malori yaliyolala ubavuni mwa barabara, na mchana ulipokuwa mkali niliona kwamba hajauliza kitu kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka, nikafunga kitabu. "Endelea, Mwaitu," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya hodari wa vitabu teule.

Kila dereva Mkristo aliyewahi kutoka Riyadh kwenda Jeddah anaijua njia panda ile baada ya Taif. Mabango makubwa ya kijani yanasema wazi: Waislamu mbele, kuelekea Makka, wasio Waislamu washike njia nyingine inayozunguka mbali. Ikama ya baba, yaani kibali chake cha ukaazi, ilionyesha kwamba yeye ni Mkristo, na katika miaka yake yote ya usukani hakuwa amewahi kuikosa kona ile. Aliwaonya hata madereva wenzake wageni, akiwachorea kwa kidole juu ya meza. Siku hiyo tulikuwa tumeshuka milima, nyani wakitutazama kutoka ukingoni, na nilikuwa nimefika pale ambapo mwanamke ameshika foronya ya kaka yake. Anakumbuka kwamba walipokuwa wadogo, usiku kabla kaka hajaondoka, yeye alivificha viatu vyake ili asiende, na asubuhi kaka aliondoka peku. Nilifasiri sehemu ile polepole kwa sababu ilikuwa nzuri. Mabango ya kijani yalipita juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyeyaona kati yetu wawili.

Tuligutuka mbele ya kituo cha ukaguzi. Nakumbuka jinsi rangi ilivyomtoka baba usoni, na kwa mtu mweusi kama yeye si jambo dogo. Askari aliomba ikama, akaisoma, akainama atutazame vizuri. "Njia yenu imebaki nyuma," alisema kwa Kiarabu. "Hukuiona?" Baba hakutafuta uongo. "Samahani, ndugu yangu. Binti yangu alikuwa ananisomea kitabu." Askari akanyoosha mkono, nikampa kile kitabu, akakifungua juu chini, akakigeuza. "Kinahusu nini?" Baba, aliyekuwa na majibu ya maudhui, mbinu na funzo, alibaki na jibu moja tu. "Mwanamke anapiga pasi." "Halafu?" "Anapiga pasi." "Bas?" "Bas." Askari alimtazama baba, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika mlango wa gari. Alimrudishia ikama, akamwonyesha pa kugeuzia. "Yalla, rudini. Na wewe, binti, usisome mpaka afike kwenye njia yake."

Baba aligeuza, akarudi, akashika njia ya kuzunguka, na alipokwisha kuishika akaegesha pembeni kwenye changarawe. Aliinua mikono kutoka usukanini, akaitazama. Nilisubiri aseme moja ya methali zake. Badala yake alianza kuzungumza akitazama mbele, kwa sauti ya chini, bila kupumzika, na nitayaandika maneno yake kama yalivyotoka kwa sababu sijapata kuyasahau.

"Wacha nikae kidogo, hii mikono si yangu, ona vile inafanya, na gari ni ya mtu, ingekuwa shida ingefika kwa bosi, angeniambia halas Musyoka nenda kwenu, na kwetu si kubaya, mbuzi za mama zinalala kwa jikoni siku hizi sababu ya fisi, aliniambia kwa simu, na mgongo unamuuma na hataki hospitali, anataka Mwende, mimi namwambia Mwende anasoma, anasema amesoma ya kutosha, na ni kweli, uko msichana mkubwa na hujawahi kushika jembe, Kikamba chako ni cha kuomba maji tu, nani atakuja kwa harusi yako, madereva wa basi, mama yako alitaka uimbe kwaya, sasa huku utaimba wapi, kwa kiti ya nyuma, na nywele najaribu, Mungu anajua najaribu, lakini naona vile unajifunga mtandio kabla hujaingia darasa, kioo ya basi huonyesha kila kitu, na hii kitabu, si eti sijui, mwalimu alinisimamisha hapo kwa geti akaniambia pole pole hizo funzo zangu ndizo zinakuangusha, na sikuacha, nikasema tuongeze, kwa sababu ukifeli utaenda kwa mama na atakuona, anakungoja, nimekuwa nikiomba ufeli, Mwaitu, Ijumaa ya mapumziko tukiomba na wenzetu nafunga macho naomba ufeli, halafu nafungua macho nakuona umekaa hapo, wimbo unaukosea, naomba upite, haraka haraka, nafuta ile ya kwanza, kwa sababu nikirudi kwa hizo vyumba na hakuna mtu, mimi nitakufa, si kufa, lakini unajua, na sasa sijui Mungu amechukua ombi gani, na hiyo sindano ya temperecha, angalia, imepanda, ni hii mteremko, si kitu, iko sawa."

Akapangusa uso kwa kiganja, akatia gari gia.

Sitasema uongo: kwanza nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, kwamba mtu aliyenipigia makofi na ufagio kwapani alikuwa akijua ananipoteza. Nilitazama dirishani kwa muda mrefu, vichaka vya miiba vikipita, na hasira ikaanza kuchanganyika na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Nilikuwa nimeishi na baba maisha yangu yote na nilimjua kwa mukhtasari: ni mwenye bidii, ni mvumilivu, ni msafi. Sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na mbuzi jikoni, na kwaya, na mama yangu, na mtandio wangu, vyote vikienda kwa wakati mmoja bila nukta. Ndipo nikamwona mwanamke wangu wa pasi. Alitaka kaka yake aje, na alitaka asije, na mkono uliotaka hili na uliotaka lile ulikuwa mkono mmoja juu ya shuka moja. Wahenga wanasema mshika mawili moja humponyoka, na kwa mambo ya mikononi wamesema kweli. Moyo wa baba ulikuwa umeshika mawili kwa miaka na hakuna lililomponyoka. Ndiyo sababu ulikuwa umechoka vile. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Jeddah tulifikia mtaa wa Karantina, kwa Auntie Kavata, mama wa kwetu aliyewahi kuwa yaya katika majumba ya watu na sasa alisuka nywele katika chumba alichokaa na wenzake wawili. Aliponiona tu, mkono wake ulienda kichwani mwangu. "Ngai! Hii ni kazi ya nani?" Baba akaangalia dari. Kesho yake mchana nilikaa sakafuni kati ya magoti yake, madirisha yamefunguliwa joto la bahari liingie pamoja na kelele za mtaa, nikakisoma kitabu kile upya tangu mwanzo, kichwa changu kikivutwa huku na kule. Sikumharakisha yule mwanamke. Alipohama kutoka shuka hadi ziwa, nilihama naye, na sikujali tena tunakwenda wapi. Auntie Kavata aliniuliza kama nataka kubaki na baba ama kwenda nyumbani, na nilipochelewa kujibu alisema, "Usijali, hata mimi sijui. Nimekaa huku nikitaka kwenda, na nikienda likizo nataka kurudi. Geuza shingo."

Jioni moja baba alimpeleka bosi na familia yake Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kununua vitu, akanichukua nami. Wao waliingia maduka ya manukato, sisi tulikaa kwenye ngazi za nyumba moja ya zamani ya matumbawe, roshani zake za mbao zimetokeza juu yetu, wachukuzi wakipita na mikokoteni wakidai njia. Baba alininunulia balila, dengu za moto zenye siki na bizari, nikala kwa kijiko cha plastiki. Hatukuwa tumezungumza lolote kuhusu yaliyosemwa kwenye changarawe. Aliyatazama masuko yangu mapya kwa pembe ya jicho, akaridhika, kisha akauliza, "Kaka alifika?" Nikamwambia kitabu kinakwisha kabla hajafika. "Afadhali," akasema. "Akifika wataharibu." Sikuwahi kusikia mtu akikieleza kitabu kile vizuri kuliko hivyo, ingawa nilijua hakusema kuhusu kitabu peke yake.

Mtihani ulipokuja Ustadha Ilhamu aliuliza swali lake lilelile kwa maneno mengine, na mimi niliandika bila msuko wala funzo. Niliandika kuhusu viatu vilivyofichwa. Niliandika kwamba mtu anaweza kumpikia mgeni huku akiomba mvua imzuie njiani, na kwamba maombi yote mawili ni ya kweli. Nilipita, na nilipita vizuri. Mwalimu alirudisha ncha ya vazi lake begani mara moja tu, akanipa mkono kama mtu mzima. Nilikimbia hadi uwanja wa nyuma. Baba alikuwa akiosha basi kwa mpira wa maji. Nilipomwambia, alifurahi, akaniinua na sare yangu yote ikalowa, na mara ileile nikaiona ile furaha ikipatwa na kivuli, kwa sababu sasa nilijua pa kutazama. Akaniweka chini. "Shule ni yako sasa," alisema. "Lakini Susu pia ni wako. Mimi siwezi kukuchagulia, Mwaitu, umesikia mwenyewe vile kichwa yangu iko. Chagua wewe." Nikasema nabaki. Sikufikiri hata. Baba aliitikia kwa kichwa, akaugeuza mpira, akauosha tena upande ambao alikwisha kuuosha.

Tulikaa pamoja Riyadh hadi nilipomaliza shule, na siku zile zilikuwa nzuri. Ningekuwa mwongo kuzisema vibaya kwa ajili ya yaliyofuata. Tulisoma vitabu vingine kwenye basi, na hatukutafuta funzo. Susu alifariki kabla sijamaliza. Karatasi za kusafiria zilichelewa, kama zinavyochelewa, na tulipofika Mwingi kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Majirani walinieleza kwamba aliniulizia kila Jumapili baada ya kanisa, kama nimefika. Nililia kwa Kiswahili, wao wakanifariji kwa Kikamba, na tulielewana nusu. Sasa najifunza lugha ile nikiwa mtu mzima, kwa aibu na kicheko, kwa watoto wa shangazi zangu wanaonisahihisha bila huruma.

Siku hizi nafundisha fasihi katika shule ya upili hapa hapa nyumbani. Wanafunzi wangu wananiuliza, "Mwalimu, funzo ni nini?" na mimi, kwa kuwa mtihani wa taifa hautaki mchezo, nawapa. Baba amerudi moja kwa moja, anakaa katika boma la mama yake, anafuga mbuzi, na watu wakimuuliza Uarabuni kulikuwaje huwajibu kwa neno moja: "Joto." Wanaridhika. Namsalimu kila jioni, nalijua shinikizo la damu yake na bei ya mbuzi wake, ninamwona kila siku kama nilivyomwona nilipokaa kiti cha kwanza cha basi, na bado yale mazungumzo ya kando ya barabara hayajarudi tena. Watu wengi huwazika wazazi wao bila kupata hata dakika moja ya namna ile. Mimi nilipewa, na nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikasirika.

Juzi tulikuwa tunaambua mbaazi, ungo umekaa kati yetu, na kutoka pale tulipokaa kaburi la Susu huonekana. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: kama nilikosea kubaki. Aliendelea kupasua maganda.

"Nikiangalia pale," alisema, "ulikosea. Nikikuangalia wewe, hukukosea. Na macho ni haya haya." Akamwaga kiganja cha mbaazi unguni. "Ile siku ikirudi, Mwaitu, nitaomba tu vilevile. Upite, na ufeli."